Difu ya Kianjokoma

Aweys, mfanyabiashara wa miraa, hakuwa mtu wa maneno mengi, na Alhamisi ile pale Laare aliyapunguza zaidi. Alisimama kando ya pikapu, wanaume wakipanga magunia ya miraa nyuma, kila kifurushi kimefungwa kwa majani ya mgomba, akamwinulia Kinya vidole vitatu. Viwili akavikunja.

"Mama Kendi, safari ya kwanza mlichelewa dakika ishirini. Ya pili, thelathini na tano. Hii ni ya tatu. Kuna ndege, na ndege haingojei mtu. Saa kumi na moja jioni mali ikuwe kwa mke wangu Eastleigh. Ikifika, kazi ni yenu mwaka mzima. Isipofika, wallahi nitatafuta gari ingine."

"Itafika," Kinya alisema.

"Hata ile ya kwanza ulisema itafika."

Wapakiaji walicheka. Mmoja wao, aliyekuwa amejaza shavu miraa ya kangeta tangu asubuhi, alisema hiyo gari ingepewa kazi ya kubeba maiti, maana maiti hana haraka. Kinya alijifanya hakusikia. Riungu, mumewe, alikuwa tayari ameketi kwenye usukani, macho mbele, mikono yote miwili imeshika usukani utadhani gari limeshaanza kwenda.

Kinya hakusema "itafika" kwa kujipa moyo tu. Alisema kwa sababu alikuwa amelipia. Wiki tano zilizopita waliuza ng'ombe wao wa maziwa, ng'ombe ambaye Kinya alimlea tangu akiwa ndama na aliyewalipia chai, sukari na daftari za binti yao Kendi. Wakanunua difu. Asiye dereva huenda asijue difu ni kitu gani, na Kinya pia hakujua mpaka umaskini ulipomfundisha: ni lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ambamo nguvu ya injini hugeuka kuwa mwendo wa magurudumu. Pikapu yao ya dizeli ilikuwa ya kiwanda cha majani chai kabla ya kuwa yao, na ilikuja na difu ya mlimani, meno tisa kwa arobaini na moja. Kwenye tope la chai ilikuwa mfalme. Kwenye lami iliyonyooka ya Mwea ililia kama nguruwe anayechinjwa, mshale wa joto ukapanda, dizeli ikanywewa, na gari halikwenda popote.

Wakatafuta difu ya barabara kuu. Waliipata Kianjokoma, kule Embu, kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu aitwaye Muturi, ambaye pikapu yake iligongwa mbele ikabaki nzima nyuma. Meno kumi na moja kwa arobaini na moja. Kinya alimuuliza mbona meno mawili tu yaleta tofauti kubwa hivyo. Mzee alifurahi kupata mwanafunzi tena. Aliinua gurudumu moja kwa jeki, jingine akaliacha chini, akachora alama ya chaki kwenye gurudumu na nyingine kwenye ile shafti ndefu inayotoka mbele. Akamwambia azungushe gurudumu mara mbili kamili na ahesabu shafti imezunguka mara ngapi.

"Mara tatu," Kinya alisema, "na karibu robo tatu."

"Sasa hiyo yenu ya chai itakupa nne na nusu na kitu juu. Injini yenu inazunguka sana ndiyo gurudumu izunguke kidogo. Hii yangu inakuondolea hiyo kelele. Milimani utateremsha gia, utalalamika kidogo pale Nithi, lakini ukishapita Embu gari itaenda ikiimba." Kisha akamwekea kile kipande cha chaki kiganjani. "Ukinunua kitu cha gari, mama, usiniamini hata mimi. Amini chaki."

Kinya alicheka. Alikitia kile kipande kwenye mkoba pamoja na risiti. Alisikiliza injini ya dereva mmoja pale kijijini mwenye difu kama hiyo alipoondoka, sauti nzito, ya chini, iliyotulia. Alirudi nyumbani na sauti hiyo kichwani. Difu yenyewe angeitambua popote, kwa maana mzee alikuwa ameipaka rangi ya kijani iliyobaki alipopaka lango lake.

Walitoka Laare saa saba kasoro dakika tano. Mpaka Meru mjini hakukuwa na neno. Mlima wa kuingia Nkubu pikapu iliupanda kwa gia ya nne bila kushuka, na Kinya akasema, "Mzee Muturi alisema hapa tutalalamika. Mbona haijalalamika?"

"Difu nzuri," Riungu alisema.

Hata kule Nithi, mahali ambapo malori hulia na abiria husali, gari lilipanda kama mbuzi. Kinya alifurahi. Furaha hiyo, alipoikumbuka siku mbili baadaye, ilimchoma kuliko tusi lolote la wapakiaji, maana jibu lilikuwa pale pale mbele ya macho yake na yeye akalipigia makofi.

Walipopita Embu na barabara kunyooka, kelele ilianza. Injini ilipiga yowe. Kinya alitazama dashibodi: kilomita mia na tano kwa saa, mshale wa mizunguko umevuka elfu tatu, na ule wa joto umeanza kunusa rangi nyekundu.

"Baba Kendi, hii ni mia na tano tu. Na inalia hivi?"

"Si nilikueleza? Mita inasoma gearbox. Haijui tumebadilisha difu. Ikisema mia, sisi tuko mia na ishirini."

Alikuwa amemweleza, ni kweli. Alimweleza baada ya safari ya kwanza na tena baada ya ya pili, na maneno hayo hayo alikuwa amewahi kuyasema mzee Muturi. Kwa hiyo Kinya aliyameza. Lakini alitazama barabara. Ikiwa wanakwenda mia na ishirini na zaidi, mbona lile basi la shule lililojaa watoto wa mpira limewapita?

Kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, pikapu nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni iliwajia kwa nyuma. Haikupiga kelele. Ilipita na sauti nzito, ya chini, iliyotulia, ikapiga honi mara mbili za salamu. Riungu aliinua kiganja kidogo kutoka kwenye usukani.

"Hiyo iko na difu kama yetu," Kinya alisema. "Sikia vile inaenda. Ni nani?"

"Simjui."

"Amekusalimia."

"Madereva husalimiana, Mama Kendi. Si lazima mjuane."

Karibu na Makutano mshale uligonga nyekundu. Wakaegesha chini ya mti wa mzambarau, Riungu akafungua boneti na kungoja injini ipoe kabla ya kuiongezea maji. Kinya alikwenda nyuma kunyunyizia magunia maji ya chupa, gunia moja baada ya jingine, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Alitazama saa ya simu yake mara nyingi mpaka akaona aibu kuitazama tena. Kila dakika iliyopita chini ya mzambarau ule ilikuwa ni mwaka mzima wa kazi unaowaponyoka, na hakukuwa na wa kulaumiwa ila chuma.

Walifika Eastleigh saa kumi na moja na dakika hamsini.

Ebla, mke wa Aweys, alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Hakugomba. Kinya angependa agombe. Alichomoa kifurushi kimoja, akafunua jani la mgomba, akabonyeza miti miwili mitatu ya miraa kwa kidole gumba.

"Iko sawa," alisema. "Ni nzuri hata. Lakini hii sasa ni ya kuuza hapa barabarani, bei ya hasara. Ya ndege imeenda."

"Dada, tungejaribu tena mara moja. Gari ilipata joto."

"Mama, mimi nakuonea huruma, lakini ndege haina huruma. Kuna kijana amefika saa kumi na nusu. Mwenda. Aweys alimpa magunia machache ya kujaribu leo. Amefika kama amekaa kwa kiti cha nyumbani." Alimtazama Kinya usoni, kisha akaita mtu amletee chai ya maziwa. "Kunywa kwanza ndiyo mrudi. Umepauka."

Kinya alikunywa chai ile kwa kusimama, mbele ya vibarua waliokuwa wakishusha mzigo wake kwa dharau ya watu walioambiwa hauna haraka tena. Riungu hakushuka garini.

Jumamosi asubuhi, Riungu akiwa amekwenda kwa kinyozi, Kinya alitoa jeki.

Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu kama alivyofundishwa Kianjokoma, akaachia breki ya mkono, gia akaiweka huru, akainua gurudumu la kulia. Chini ya gari tope la barabara lilikuwa limefunika chuma chote, rangi haikuonekana, kwa hiyo akatoa kipande cha chaki kwenye mkoba. Jirani mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kwenye ua alisimama kutazama, kisha wa pili, kwa maana si kila siku mwanamke wa Igembe anaonekana amelala kifudifudi chini ya gari na leso kichwani.

Alizungusha mara mbili. Alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Nne na nusu. Na kitu juu.

Akafuta alama, akachora upya, akaanza tena. Nne na nusu na kitu juu.

Mara ya tatu aliona viatu vya Riungu karibu na uso wake.

"Unafanya nini hapo chini, mwanamke? Watu wanatazama."

"Hii si difu yetu, Baba Kendi. Ni ile ya chai. Ile ile. Fundi Kiunga ameiosha na mafuta ya taa akaturudishia."

"Umehesabu vibaya."

"Nimehesabu mara tatu."

"Toka chini ya gari!" Alitazama uani, akashusha sauti. "Kinya, unajua Kiunga ni nani kwangu. Hiyo kazi haikaguliwi. Unataka kuniletea laana nyumbani?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, na mtu wa kutoka mbali anapaswa kuuelewa. Ukoo wa Riungu na ukoo wa Kiunga ni watu wa gichiaro. Zamani mno, babu zao walikula kiapo cha damu, na kiapo hicho hakijazeeka. Mtu wa gichiaro hadanganywi. Haibiwi. Hapigwi. Akikuomba kitu, hata kama ni shati ulilovaa, unavua. Kumkagua ni kumwambia kuwa kiapo cha babu zenu ni upuuzi, na wapo watu wazima, wenye digrii na magari ya serikali, ambao hawawezi kuthubutu. Ndiyo sababu difu ilipofika kutoka Kianjokoma haikupelekwa kwa fundi mwingine yeyote. Kinya mwenyewe ndiye aliyesema ipelekwe kwa Kiunga, Gakoromone, mjini Meru, kwa sababu alitaka fundi asiyeweza kuwaibia. Siku difu ilipofungwa yeye alibaki nyumbani akivuna maharagwe, moyo mweupe.

"Basi hesabu wewe," alisema sasa, akimnyooshea mumewe chaki. "Kama nimekosea nitamwomba Kiunga msamaha kwa magoti."

Riungu aliitazama chaki ile. "Nimevaa nguo safi," alisema.

Kinya alimwonea huruma. Wacha tuseme ukweli, alimwonea huruma sana. Alidhani anaona mwanamume anayekataa kuinama kwa sababu anaogopa kujua kwamba ndugu yake wa kiapo amemwibia. Alikwenda akanawa, akavaa gauni la kanisani, akasema kwa upole kabisa, kama anayemsemesha mfiwa, kwamba lazima waende Gakoromone wakaulize, na kwamba yeye ndiye atakayeuliza ili laana, kama ipo, imwangukie yeye.

Karakana ya Kiunga iko nyuma ya soko, pale ambapo kelele za wauza ndizi na viazi huishia na kelele za nyundo huanza. Riungu aliegesha karibu na lango.

"Ingia wewe," alisema. "Mimi nitachunga gari."

"Unaichunga kwa karakana?"

Riungu alianza kufuta kioo. Kinya alishuka peke yake.

Kitu cha kwanza alichokiona ni pikapu nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni. Ilikuwa imeegeshwa kivulini, imeoshwa, inang'aa. Aliisogelea polepole. Kisha akafanya jambo ambalo gauni la kanisani halikushonewa: alipiga magoti kwenye mafuta machafu, akainamisha kichwa, akachungulia chini ya ekseli ya nyuma. Kijani. Rangi ya lango la mzee Muturi.

"Muga, Mama Kendi." Salamu hiyo ya Kimeru ilikuwa ya Kiunga, amesimama nyuma yake akijifuta mikono kwa kitambaa. Mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. "Inuka, mama, utachafuka."

"Hii gari ni ya nani?"

"Ni yangu. Mwenda anaiendesha, huyu ameoa msichana wangu wa kwanza."

"Na hiyo difu ni ya nani?"

Kiunga alivua miwani. Kwa muda alionekana kama mtu ambaye ameulizwa jina lake mwenyewe.

"Kwani hajakuambia?"

"Nani?"

"Mama, kaa kwa hiki kiti."

"Sikai. Umetuibia, Kiunga. Mtu wa gichiaro! Niliuza ng'ombe."

"Mimi? Nimwibie Riungu?" Kiunga alishtuka kikweli, hata akatazama juu kana kwamba kuna mtu anayesikiliza. "Hii mikono ingeoza. Mama, mimi sijaiba. Mimi niliomba. Alileta hiyo difu hapa, nikaiangalia, nikasema hii ndiyo nimetafuta mwaka mzima. Nikamwambia Riungu, ndugu yangu, nipe hii. Akanipa. Hata hakuuliza ni ya nini. Gichiaro haulizwi. Mimi ndiye nilisema, na nyinyi mtaenda Nairobi na nini? Akasema nimrudishie ile ya zamani, mtasukuma nayo tu."

Kinya alisikia sauti za sokoni, mwanamke akiita wateja wa nyanya, na sauti ya Kiunga ikiendelea kutoka mbali.

"Nikamwuliza, mama atasema nini? Hiyo pesa ni ya ng'ombe yake. Nilimwuliza, Mungu ni shahidi."

"Akasema nini?"

Kiunga alikunja kitambaa, akakikunjua. Hakutaka kulijibu swali hilo. Lakini Kiunga, kwa mambo yake yote, hakuwa na kipaji cha uongo, na labda alikuwa amekaa na neno hilo kifuani wiki nne.

"Alisema hautajua. Alisema, yeye atajuaje mambo ya difu, ataskia tu gari inalia."

"Na kazi ya Aweys? Ulijua ni yetu?"

"Hiyo sikujua. Nilisikia juzi tu, wakati Mwenda amepata. Haki ya Mungu." Alirudisha miwani usoni. "Mama, nikikuwa na pesa nitakusaidia. Lakini kuirudisha siwezi. Kitu kimepewa gichiaro hakirudi. Hata Riungu hawezi kuniuliza."

"Najua hawezi," Kinya alisema.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe umeifua kwa mikono yako, ukaipiga pasi, ukamvalisha mtu aende nayo mjini kukuuza.

Walishika njia ya kurudi nyumbani. Walipofika kwenye kilima cha Muthara, gari likipanda bila shida, Riungu alikohoa.

"Angalau mlima inapanda vizuri," alisema.

Kinya aligeuka akamtazama. Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine.

"Ulimsalimia," alisema. "Pale Mwea. Ulimpungia mkono mtu anayeenda na ng'ombe yangu chini ya gari, halafu ukaniambia humjui. Ukaniacha nikanyunyizia magunia maji. Ukaniacha nikachekwa Laare, nikamwomba Ebla kama ombaomba, na wewe umekaa garini. Leo asubuhi umeniambia nimehesabu vibaya, na majirani wanasikia."

"Ningefanya nini? Ningemkatalia? Unajua wale hukatalia gichiaro vile huwa? Unataka Kendi apatwe na kitu?"

"Sikuulizi kwa nini ulimpa." Na kwa kweli hakuwa akiuliza. Kumpa angeweza kumsamehe, maana naye alizaliwa kwenye milima hii hii na aliogopa yale yale. "Ungekuja jioni hiyo useme, Mama Kendi, Kiunga ameniomba, nimempa, ng'ombe yako imeenda. Ningelia. Ningekutukana. Halafu tungemwambia Aweys ukweli kabla ya kubeba mali yake. Nauliza mbona ulinidanganya."

Riungu alibadilisha gia bila sababu.

"Kiunga ukimdanganya, unapatwa na laana," Kinya alisema. "Na mimi ukinidanganya, unapatwa na nini?"

Jibu lilijulikana. Hakuna kitu. Kinya alikumbuka sheria nyingine ya gichiaro, ambayo bibi yake alimfundisha akiwa msichana na ambayo hakuwahi kuitafakari: watu wa gichiaro hawaoani kamwe. Mwanamume wa Igembe anaweza kuoa popote anapotaka, isipokuwa kwa wale asioweza kuwadanganya.

"Kumbe ndiyo maana hamuoani nao," alisema polepole. "Mke anatafutwa kule ambako uongo hauna adhabu."

"Usiseme hivyo, Kinya."

"Nimesema."

Alilia kidogo, akitazama dirishani, migomba na mashamba ya miraa yakipita. Lakini miaka kumi na minne ya ndoa haifutiki kwenye kilima kimoja, na kabla hawajafika nyumbani moyo wake ulikuwa umeanza ile kazi yake ya zamani ya kumtafutia mumewe mlango wa kupitia. Alijiambia: ameogopa, akaona haya, uongo wa kwanza ukazaa wa pili. Akisema ukweli mmoja tu leo, hata mdogo, kwa mdomo wake mwenyewe bila kusukumwa, nitawasha moto, nitapika chai, tutaketi tuone hii pikapu ya mlimani inaweza kubeba nini. Ndizi zipo. Gakoromone si mbali. Kwa ukweli mmoja tu.

Kendi, binti yao wa miaka kumi na mbili, alikuwa langoni akiwangoja. Alijua kila kitu kuhusu kazi ya Aweys. Alikuwa akiiombea kila jioni kabla ya chakula, na ng'ombe alipoondoka ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani.

"Baba, tumepata ile kazi?"

Riungu alizima injini. Alimtazama mkewe kwa upande, jinsi alivyozoea kumtazama kila neno gumu lilipofika mlangoni, ili yeye alipokee, alilainishe, alikabidhi kwa mtoto likiwa halina miiba. Mara nyingi Kinya alikuwa amefanya hivyo. Safari hii alifunga mlango wa gari, akasimama.

"Muulize baba yako," alisema. "Yeye ndiye anajua."

Kendi akageuka kwa baba yake. Riungu alishuka, akajinyoosha mgongo, akalitazama gurudumu la nyuma ambalo bado lilikuwa na alama nyeupe ya asubuhi.

"Hatujapata, mama," alisema, akimshika binti yake begani. "Ni yule mzee wa Kianjokoma. Alituuzia difu mbovu."

Kinya aliyasikia maneno hayo moja moja. Alihisi kitu ndani yake kikiachia, kimya kabisa, kama breki ya mkono ikishushwa. Jikoni hakuwasha moto.

Alikwenda stoo akatoa jeki, akaja nayo uani akiiburuta kwa mkono mmoja. Gauni la kanisani lilikuwa limeshachafuka, hakuona sababu ya kulibadilisha. Riungu alisimama mahali pale pale, mkono ungali begani kwa mtoto.

"Kendi," Kinya alisema, "leta mawe mawili."

"Ya nini, mama?"

"Weka moja mbele ya gurudumu, moja nyuma. Haya, lala hapa kando yangu, usijali nguo." Alifungua mkoba, akatoa kile kipande cha chaki, kimebaki kidogo kama jino, akamwekea bintiye kiganjani. "Chora mstari hapo, na mwingine pale. Sasa uzungushe mara mbili na uhesabu kwa sauti, baba asikie."